Picha ya kibao

Wengi mnaoniletea simu zenu hapa Barabara ya 12, Ngamiani, mnanijua kwa bisibisi tu. Kabla ya bisibisi nilikuwa na kipaza sauti. Kuanzia 1998 mpaka 2007 nilikuwa na kibanda umiza: mabati, mabenchi tisa, deki moja, televisheni ya inchi 21 iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, na mimi nimekaa pembeni natafsiri filamu za Kiingereza. Kiingilio kilianza shilingi 50, baadaye 100. Stelingi akifungua mdomo wake, nami nafungua wangu. Kiingereza changu nilikipata humo humo, kwa masikio, na leo niseme kwa kuwa hakuna tena wa kudai hela yake: nusu ya yale niliyoyasema nilikuwa nayatunga. Nikikwama, stelingi anaanza kumsimanga adui kwa habari za timu zetu za Tanga, Coastal na African Sports. Watu wanacheka, mambo yanakwenda.

Wiki iliyopita nimetafsiri tena, baada ya miaka yote hiyo. Watazamaji walikuwa wawili. Mmoja ni Ba'mdogo wangu, mwenye miaka 81, tarishi mstaafu wa bandarini. Wa pili ni mkewe, Mama Mdogo, ambaye alikuwa na ungo wa mchele mapajani na alisema tangu mwanzo kwamba yeye haangalii, anachambua mchele.

Filamu yenyewe inaitwa Sidney. Ni dokumentari ya maisha ya Sidney Poitier, ameiongoza Reginald Hudlin, na Oprah Winfrey ni mmoja wa watayarishaji. Ilitoka Septemba 2022, miezi minane baada ya mzee mwenyewe kufariki, tarehe 6 Januari mwaka huo, akiwa na miaka 94. Binamu yangu mmoja alikuja kutoka Dar na tableti yake, akaiacha kwetu siku tatu, na ndani alikuwa ameshaipakua.

Kwa nini Ba'mdogo? Kwa sababu ya kibao. Kwetu hadithi ya kibao tumekua nayo. Enzi za ujana wake, kila mwisho wa mwezi Ba'mdogo alikuwa anapanda baiskeli kwenda sinema ya Majestic, shati limepigwa pasi ya mkaa, na siku moja akaona picha ambayo Mzungu tajiri anampiga kofi askari mweusi, na askari mweusi anarudisha. "Palepale," Ba'mdogo anasema, na mkono wake unakata hewa. "Haikupita hata nukta." Kwa maelezo yake ukumbi mzima ulisimama, na mtu wa nyuma yake akamwaga karanga zote. Mimi sikuwepo, nasema nilivyoambiwa. Ila nimeambiwa mara mia, na idadi ya karanga haijawahi kupungua.

Nilipokuwa na kibanda aliniuliza mara nyingi kama kanda ya picha ile ninayo. Sikuwa nayo. Wateja wangu walitaka mtu aliyefunga kitambaa kichwani na bunduki mbili. Nikawa namwambia, nitaitafuta Ba'mdogo, naye ananijibu, haya, na yote mawili yakaishia hapo.

Basi tukaanza baada ya Isha. Filamu inafunguka na mzee mwenyewe amekaa, amevaa vizuri, anakutazama usoni. Hatazami pembeni kwa mtu anayemhoji, anakutazama wewe. Nikashika pumzi kama zamani, nikaanza: "Anasema yeye alizaliwa..." Na papo hapo nikaona kazi hii siyo ile. Stelingi wa kibandani unamsemea kwa sababu hana neno la maana. Huyu kila neno amelipima kabla hajalitoa. Ukimwongezea Coastal Union utaumbuka.

Anasimulia kwamba wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya Cat Island, kisiwa cha Bahamas. Walikwenda Miami kuuza nyanya, na huko ndiko mama alikojifungua, 20 Februari 1927, miezi miwili kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba hakuna aliyetegemea apone. Baba, ambaye alikwisha kuzika watoto wengine, akaleta sanduku la viatu.

"Sanduku la nini?" Mama Mdogo akauliza. Ungo umetulia.

"La viatu. La kumzikia."

Hakusema kitu. Baadaye mzee anaendelea kwamba mama yake alikataa, akatoka akaenda kwa mtabiri, naye akamwambia mtoto ataishi, atatembea dunia, na atakaa na wafalme. Mama Mdogo akasema, "Alikwenda kwa mganga." Nikamsahihisha: mtabiri. "Ndiye huyo huyo," akasema, na tangu hapo mchele haukuchambuliwa tena.

Cat Island haikuwa na umeme wala gari. Familia ilipohamia Nassau, Sidney akiwa na miaka kama kumi, ndipo alipoona gari na ndipo alipojitazama kwenye kioo. Ba'mdogo amezaliwa shamba, upande wa Pangani, na hapa hakuhitaji mtafsiri. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.

Umeme ukakatika. Tableti ilikuwa na chaji ya asilimia 31, tukaendelea gizani, vichwa vitatu vimesogeleana kama watoto wanaosoma kitabu kimoja.

Sasa nifike kwenye kipande kilichonishika mimi. Sidney yuko New York, kijana wa miaka kumi na kitu, anaosha vyombo mikahawani. Anaona gazetini tangazo la kutafuta waigizaji, kundi la American Negro Theatre, Harlem. Anakwenda. Anapewa karatasi asome. Kusoma kwenyewe ni kwa kuokoteza neno moja moja, na lafudhi ni ya Bahamas, nzito, ya kuimba. Bwana aliyempa karatasi anamshika shati, anamtoa nje, anamwambia aache kupotezea watu muda, akatafute kazi ya kuosha vyombo. Na Sidney anatembea barabarani huku anajiuliza: amejuaje kwamba mimi naosha vyombo?

Nilisimamisha filamu hapo. Ba'mdogo akadhani chaji imekwisha.

Mwaka 2003 alikuja kibandani kwangu kijana mmoja kutoka chuoni. Alikaa nusu saa, akacheka na wenzake, halafu wakati wa kutoka akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, hicho siyo anachosema." Hakunitukana, na kiingilio alilipa. Nilifunga kibanda siku ile mapema, na wiki nzima nilikuwa natafsiri kwa sauti ya chini. Sikujifunza, kusema kweli. Nilichofanya ni kuongeza spika, ili asikike stelingi kidogo zaidi yangu.

Sidney yeye alinunua redio. Akawa anamsikiliza mtangazaji na kurudia kila neno, mchana na usiku, miezi sita, mpaka lafudhi ikalainika. Kusoma alifundishwa na mhudumu mmoja wa mkahawani, mzee wa Kiyahudi, aliyemwona anahangaika na gazeti baada ya kazi. Mzee yule akawa anakaa naye usiku hadi usiku, mkahawa umeshafungwa, wanasoma. Jina lake halitajwi. Halafu Sidney akarudi kwa walewale waliomtupa nje, akawaomba awafagilie ukumbi bure ili wamruhusu kukaa darasani. Ile sauti ambayo dunia nzima inaijua, iliyonyooka, inayotua kila neno mahali pake, imetengenezwa na redio na ufagio. Nimesikia watu wakisema ni sauti ya kujifanya Mzungu. Mimi niliyejifunza lugha kwa masikio nasema anayejua bei ya sauti ile ni aliyewahi kuambiwa hicho siyo anachosema.

Kuna jambo moja la kuchekesha hapo. Mwigizaji mkuu wa mchezo wa kundi lile alikuwa Harry Belafonte, na Sidney ni wa akiba. Siku moja Belafonte hakuweza kufika kwa sababu alikuwa na zamu ya kutoa taka kwenye jengo alilofanyia kazi. Sidney akapanda jukwaani badala yake, na siku hiyo hiyo alikuwepo mwongozaji aliyempa kazi ya Broadway. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana, na Belafonte hakuacha kumkumbusha kwamba ustaa wake wote umetokana na ndoo ya taka. Ba'mdogo alicheka mpaka akakohoa. Akaomba nirudishe. Nikarudisha.

Kingine walichokirudia ni cha dola 75. Sidney alipewa nafasi ya kuigiza baba ambaye binti yake anauawa na wahuni ili yeye anyamaze, na kweli ananyamaza, hafanyi lolote. Akaikataa. Mkewe alikuwa karibu kujifungua na hospitali wanataka dola 75. Akaweka rehani samani za nyumbani, akapata hizo 75, akalipa. Alisema baba yake mwenyewe asingekubali kuwa mtu yule. Nilipomaliza kutafsiri, Ba'mdogo akamtazama mkewe, mkewe akatazama ungo. Kuna jambo lao hapo la miaka mingi, na mimi siyo wa kulieleza humu.

Tuzo ya Oscar aliipata 13 Aprili 1964, mwanamume mweusi wa kwanza kushinda ya mwigizaji bora, kwa ile filamu ya fundi anayewajengea masista kanisa jangwani. "Siku kumi na tatu kabla ya Muungano," Ba'mdogo akasema papo hapo, bila kuhesabu vidole. Yeye historia ya dunia yote ameipanga kabla na baada ya Muungano. Oprah anasimulia jinsi alivyoiona kwenye televisheni akiwa mtoto wa miaka kumi, na mwisho wa filamu analia machozi hasa. Mama Mdogo akamwonea huruma, akauliza ana watoto wangapi.

Na Afrika Mashariki hakuwa mgeni. Mwaka 1957 ilitoka filamu yake ya habari za Mau Mau, aliyokuja kuigiza Kenya pamoja na Rock Hudson, na mwaka 1959 yeye, Belafonte na mcheza besiboli Jackie Robinson walitia saini barua ya kuchangisha nauli za wanafunzi waliokuwa wanapelekwa kusoma Marekani na Tom Mboya. Ba'mdogo alilijua la Mboya. La Sidney hakulijua, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi alitudai."

Usiku wa pili ndio wa kibao. Chaji imejaa, umeme upo, na Ba'mdogo amevaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne.

Kwanza wanakueleza safari ya Mississippi, Agosti 1964. Belafonte na Sidney waliingia Greenwood usiku wakiwa na dola 70,000 taslimu kwenye begi, fedha za vijana waliokuwa wanaandikisha watu weusi kupiga kura, na magari ya Ku Klux Klan yakawakimbiza na kuwagonga kwa nyuma. Ndiyo maana miaka miwili baadaye, ilipotakiwa kupigwa In the Heat of the Night, ile picha ya kibao, ambamo yeye ndiye askari Virgil Tibbs, Sidney alisema Kusini haendi. Wakapigia sehemu kubwa Sparta, jimbo la Illinois. Kwa mashamba ya pamba ikabidi washuke Tennessee siku chache, na usiku alilala na bastola chini ya mto.

Halafu kikaja. Bwana shamba Endicott yuko kwenye banda lake la maua. Anaulizwa swali asilolipenda na mtu asiyestahili, kwa macho yake, kumuuliza. Anapiga. Na mkono wa Tibbs unarudi kabla wa Endicott haujashuka.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mazoea. Ba'mdogo akanyoosha kiganja mbele ya uso wangu, macho yako kwenye kioo, akasema, "Hapa hapana maneno."

Na kweli hapana. Yanakuja baadaye: Endicott anamgeukia mkuu wa polisi, ambaye ni Rod Steiger, anamuuliza umeona, na utafanya nini. Steiger anajibu kwamba hajui. Kibandani hapo ningeweka porojo ya dakika nzima.

Sidney mwenyewe anasimulia kwamba alitoa sharti: kibao kirudishwe, na kisikatwe kwenye kopi yoyote itakayotoka, popote. Wapo waliosema baadaye kwamba kilikuwemo kwenye muswada tangu mwanzo. Mimi, kwa historia yangu, siyo mtu wa kumsuta mwenzangu kwa kunogesha. Nilichokiangalia ni kwamba kopi iliyofika Tanga ilikuwa nacho, na karanga zikamwagika.

Lakini Ba'mdogo hakuwa ameridhika. "Mwenye sinia sikumwona vizuri," akasema. Mwenye sinia gani? Akaniambia: mle ndani kulikuwa na mtumishi, mweusi, mzee, ameshika sinia la vinywaji. Kibao kinapigwa na kurudishwa naye yupo amesimama, sinia mkononi. "Wote mnaangalia kofi. Mimi nilikuwa namwangalia yule. Nilikuwa tarishi, mwanangu. Chai ya mabwana bandarini nilikuwa nabeba mimi." Miaka zaidi ya hamsini ya hadithi ya kibao, na mwenye sinia ndiyo kwanza namsikia.

Kuanzia hapo filamu inaongeza mwendo, na hapo ndipo nina ugomvi nayo. Mwaka 1967 Sidney alikuwa na filamu tatu kubwa, na mwaka huo huo mwandishi Clifford Mason akaandika kwenye New York Times akiuliza kwa nini Wamarekani weupe wanampenda mtu huyu hivyo. Hoja ilikuwa kwamba kila mara ni mtakatifu: daktari asiye na doa, mwalimu asiye na hasira, mwanamume asiye na tamaa. Dokumentari inalitaja, Denzel Washington, Spike Lee na wenzao wanamtetea kwa heshima, kisha inapita. Mimi ningekaa hapo zaidi. Mason hakukosea kila kitu. Nimewauzia watu mastelingi kwa miaka tisa, na najua stelingi asiyeruhusiwa kukosea huwa ametengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine siyo yeye. Ila kofi la Endicott nalo ni la mwaka huo huo, kwa hiyo hata Mason sijui ningempa ushindi.

Kisha miaka ya kuongoza filamu inapita kama basi la Korogwe lisilosimama. Mtu aliongoza filamu ya ng'ombe na farasi pamoja na Belafonte mwaka 1972, aliongoza vichekesho mfululizo, Stir Crazy ya 1980 ikaingiza zaidi ya dola milioni 100, na baadaye akawa balozi wa Bahamas nchini Japani kwa miaka kumi. Kwa vichekesho vile alikuwa anawapa kazi weusi nyuma ya kamera, na hapo ningetaka kuwaona hao watu. Napata wasanii wakubwa wamekaa kwenye viti wanamsifu.

Lakini niwapongeze kwa wake. Mke wa kwanza, Juanita, yumo. Wa pili, Joanna, yumo. Mapenzi yake na mwigizaji Diahann Carroll akiwa bado na ndoa ya kwanza, yamo, bila kufunikwa. Mama Mdogo alihitaji kuelezwa mara mbili. "Wote wawili wamekubali kukaa? Filamu moja?" Ndiyo, kila mmoja na kiti chake. Akafikiri. "Basi alikuwa na kitu huyo."

Nikarudi nyumbani kwa baiskeli usiku ule nikimfikiria Amri Athumani. King Majuto, mtu wa Tanga hii, aliyefariki 8 Agosti 2018 na tukamzika hapa hapa. Nimeuza sidii zake nisizoweza kuzihesabu. Kwenye kasha uso wake ndio uliokuwa unauza, hata filamu iwe na majina mengine kumi. Alipougua mwaka ule wa mwisho nchi nzima ikawa inazungumzia mikataba ya wasanii, na mimi nikiwa naizungumzia mabarazani, bado nilikuwa na maboksi mawili ya sidii zake chini ya kaunta. Tuliishi mji mmoja miaka yote. Sikuwahi kwenda kumuuliza hata swali moja: mzee, ile sauti uliitoa wapi? Kamera ya simu nilikuwa nayo, mimi fundi simu.

Maboksi nimeyafungua juzi. Zimebaki sidii 43, nyingine zimeota ukungu, nane zinacheza. Naanza kuzihamishia kwenye kompyuta jioni jioni, baada ya wateja.

Na picha ya kibao nimeipata, nzima, siyo kipande. Nimeipitisha haraka mpaka bandani kwa Endicott. Mwenye sinia yupo. Amesimama, glasi ziko juu ya sinia, na uso wake sitausimulia kwa kuwa Ba'mdogo anasoma humu, mjukuu wake humsomea. Ni Ijumaa hii baada ya Isha. Mama Mdogo amesema haangalii, ana mchele. Ba'mdogo ameniambia kipaza sauti nikiache dukani.